Vumbi Si Chumvi ya Kazi

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Wasomaji wapenzi, ufa ninaotaka kuuzungumzia haumo mbali. Umo mumu humu shuleni mwetu, katika karakana ya useremala.

Yeyote asomaye useremala anaijua hali yenyewe. Mashine ya kupiga randa ikiwashwa, dakika tano haziishi kabla ya kope zetu kugeuka nyeupe. Kipindi kikiisha tunakung'uta sweta, tunachekana eti tumezeeka kabla ya mtihani, kisha hao! tunakimbilia githeri. Kwenye kona, mashine ya kunyonya vumbi imesimama kimya tangu nilipokuwa kidato cha kwanza. Haijaunganishwa na mashine hata moja. Kazi yake ni kutundikiwa makoti.

Nami nilidhani ni mzaha tu mpaka likizo ya Agosti. Mjomba wangu ni seremala hapa Nakuru. Kwa miaka mingi amepasua na kupiga randa mbao za saiprasi na msonobari kutoka pande za Molo na Elburgon. Nilipomwuliza zamani mbona hajikingi, alinijibu, "Wewe kijana, vumbi ni chumvi ya kazi." Likizo hiyo nilimkuta usiku wa manane ameketi kitandani, amekumbatia mto, hawezi kulala kwa kukohoa. Alipofika hospitalini, swali la kwanza la daktari lilikuwa, "Mzee, unafanya kazi gani?" Ikawa ni pumu iliyotokana na kazi.

Jamani, haya si maneno ya kutisha watoto. Mwaka 1995, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Hapa Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awakinge wafanyakazi na vumbi, na pale inapowezekana alinyonye karibu na mahali linapotokea.

Najua wapo watakaosema, "Si tufungue madirisha tu?" Waama dirisha husaidia, lakini hutoa vumbi ambalo limekwisha pita puani. Wengine watasema tujifunge leso. Leso huzuia maranda; ule unga laini usioonekana hupenya, nao huelea hewani hata baada ya mashine kuzimwa. Wengine watadai sisi tuna vipindi vichache tu kwa juma. Kweli, lakini fundi wetu wa karakana je? Sisi hutoka, yeye hubaki humo asubuhi hadi jioni.

Nasikia tunapanga kununua msumeno mwingine wa umeme. Maoni yangu ni haya: kabla ya kuongeza kinachotoa vumbi, tuunganishe kinachoondoa vumbi. Kazi yenyewe si ya kuita wahandisi kutoka ng'ambo. Mwenye ujuzi aipime kwanza nguvu ya feni. Bomba kuu liwe pana: bomba la inchi 6 lina nafasi zaidi ya mara mbili ya lile la inchi 4. Kona ziwe za kupinda taratibu, na mipira ya kukunjika iwe mifupi, maana mikunjo yake huila nguvu ya upepo. Kila mashine iwekewe kilango chake, kifunguliwe inapotumika tu. Vikiachwa wazi vyote, upepo hugawanyika na hakuna mashine itakayonyonywa ipasavyo. Msumeno wa meza unyonywe chini na juu, kwa sababu meno yake hurusha vumbi pande zote mbili. Kabla ya feni pawe na pipa la kunasia vipande na misumari, visije vikagonga chuma vikatoa cheche, kwani unga wa mbao hushika moto upesi. Mfuko wa kuchujia ukae nje. Ukiwa ndani na kitambaa chake ni chepesi, utaturudishia lile vumbi laini tulilolikimbia.

Sisi wenyewe tunaweza kutengeneza vilango na makasha kwa vipande vya mbao vinavyotupwa. Hilo nalo si somo? Tutakayemaliza naye kidato cha nne akifungua karakana yake kule Njoro au Gilgil, atakuwa amejifunza kuwa fundi hodari hujenga meza na pia hulinda mapafu yake na ya wanagenzi wake.

Mjomba sasa ameacha mbao, anauza mboga. Mikono yake ingali na ufundi wote, ila kifua kimekataa. Sitaki fundi wetu afikie hapo. Walimu wetu, tunaomba ule msumeno usubiri muhula mmoja, mabomba yatangulie. Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini katika karakana yetu, hata hayo macho yamejaa vumbi.