Msimsingizie Nyani

Jina baya huua. Niliwaambia hivyo wanachuo wangu wa ualimu kwa miaka mingi, nikiwaonya kuhusu majina tunayowapachika watoto darasani. Leo nalirudia neno hilo kwa ajili ya mnyama asiye na wa kumtetea.

Mwaka 2024 ugonjwa wa vipele ulipotoka Kivu ya Kusini, nchini Kongo, ukaingia Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, wengi wetu tuliuita "homa ya nyani" au "ndui ya nyani". Nauliza: nyani kafanya nini?

Mwaka 1958, katika maabara moja ya Copenhagen, Denmark, walikuwapo kima walioletwa kutoka Singapore kwa ajili ya kazi za utafiti. Baada ya majuma kadhaa wakatokwa na vipele kama vya ndui. Wataalamu wakagundua kirusi kipya, wakakipa jina la mgonjwa. Kima wale walikuwa wa Asia, wala hawakuwa nyani. Sisi tunaojua kutenga nyani, tumbili, kima na ngedere tulilitafsiri kosa la wenzetu, kisha tukaliongezea la kwetu. Kirusi chenyewe ni cha misitu ya Afrika, na wanaoshukiwa zaidi kukihifadhi ni jamii ya panya na kindi. Mwaka 1985 kilipatikana katika kindi mgonjwa huko Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule.

Tena maradhi mengi ya kima wa maabara hutoka kwetu. Kifua kikuu ni nadra kwa kima wa mwituni walio mbali na watu. Humpata akishakamatwa, kwa pumzi ya binadamu. Surua ni vivyo hivyo. Ndiyo maana watunzaji wao hupimwa kifua na kuvaa barakoa. Mbona surua hiyo hatuiiti "surua ya watu"?

Wapo watakaosema jina ni jina tu. Sikubali. Mwaka 2022, huko Brazil, kima walipigwa na kutiliwa sumu kwa hofu ya ugonjwa huu. Jina hilo humdhuru mtu pia. Mzazi asiyekula wala kugusa nyani hujiona salama, huku mtoto mwenye vipele akilala shuka moja na nduguze. Na ugonjwa huu huenea hasa kwa kugusana na mgonjwa, na kwa nguo na matandiko yake.

Shirika la Afya Duniani lilitambua kosa hilo, na Novemba 2022 likatangaza jina jipya, mpox. Basi, walimu wenzangu, futeni lile la zamani ubaoni. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Katika jambo hili, asiyeona lake ni mwanadamu.