Huku kwetu Ubuntu ni bure kweli

Huku Kamembe, Rwanda, jina la Ubuntu, ule mfumo wa kompyuta wa Linux, linatuchekesha. Kwa Kinyarwanda, "ku buntu" ni bure, na Ubuntu ni ya bure tangu ilipotoka 2004. Sidii yake moja bado ninayo, katika zile zilizokuwa zikitumwa kwa posta bila malipo hadi 2011.

Ila bure nayo ina gharama. Juzi niliweka toleo jipya kwenye laptopu kuukuu, Wi-Fi ikagoma. Draiva yake iko kwenye intaneti, na intaneti ndiyo hiyo sina! Nikachomeka simu kwa waya, bando likakata kwenye asilimia 80. Mke wangu akauliza kama hii kompyuta imefunga Ramadhani.

Halafu jirani, muuza vitenge, akarudi kutoka Bukavu na fleshi yenye virusi, mafaili "yamepotea", kumebaki njia za mkato tu. Nikaichomeka kwangu. Linux haijali ile alama ya Windows ya kuficha folda. Picha zake za harusi zikajitokeza zote. Akauliza, "Kaka, ni ngapi?" Nikamwambia ku buntu. Akataka nimchapishie mbili. Printa ikakataa.