Vigogo wavue bastola kwanza!

Na Mwandishi Maalum, Chwaka

JUZI nimekaa barazani Jaws Corner, kikombe cha kahawa mkononi, kijana mmoja wa rika langu akanivuta pembeni. Hakuniuliza habari za mpira. Hakuniuliza habari za kazi, maana sote wawili tunajua hakuna. Alininong'oneza: "Wewe mwandishi, unajua mambo. Bastola gani ndogo, ya kuaminika, mtu akiitia kiunoni chini ya shati haionekani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nikamuuliza anaitakia nini. Akanijibu kwa mkato: "Wao wanazo."

Neno hilo limeninyima usingizi siku tatu. Nimeona nimjibu hapa gazetini, kwa sababu najua hayuko peke yake. Vijana wangapi wa Michenzani, Kikwajuni na Mji Mkongwe wana swali hilo hilo moyoni, ila hawana wa kumuuliza?

Kwanza la ufundi

Ndugu yangu, wewe unataka ile ndogo ambayo lazima nyundo yake ikokiwe kwanza ndipo ipige. Najua umeziona kwenye filamu. Ziko za Marekani kama Colt Mustang, na SIG P238 iliyofuata umbo lake, uzito wake chini ya nusu kilo, risasi sita kwenye magazini. Ni chombo chepesi, triga yake laini, na kweli inafichika.

Lakini hebu sikiliza inavyobebwa. Ukiiweka kiunoni imekokiwa, tegemeo lako ni kijiwashio kidogo cha sefti, si kikubwa kuliko punje ya mahindi. Shati likikivuta kikafunguka, kidole chako chenye woga kikigusa triga ile laini, wa kwanza kulala ni paja lako. Ukiiweka nyundo chini na chemba tupu, basi siku ya siku utahitaji mikono miwili na utulivu wa kuikoki, na adui hakusubiri. Zile Tokarev za Kirusi zilizotapakaa Afrika, ambazo nazo lazima zikokiwe, hazina hata hiyo sefti ya kidole. Kilichopo ni kituo cha nusu njia kwenye nyundo, basi.

Tena bastola ndogo ni kama mtoto mdogo, inataka malezi. Inataka mafuta, magazini yenye springi nzima, risasi zisizokuwa kuukuu, na mazoezi ya risasi mia na mia nyingine juu yake. Wewe utafanyia mazoezi wapi? Fumba? Maungani kwenye mikarafuu? Hapa kwetu chumvi ya bahari inakula mabati ya nyumba na nati za baiskeli. Itaionea huruma bastola unayoificha chini ya godoro?

Kwa hiyo jibu la ufundi ndilo hilo. Ya kuaminika kwako wewe haipo. Lakini najua swali lako halikuwa la ufundi. Ulisema: "Wao wanazo." Hapo ndipo penye moto.

Niliyoyaona Chwaka

Nyumbani kwetu Chwaka, anakopanda gari namba 206 anapajua, watu wanaishi kwa bahari. Samaki, kaa, mwani. Tumekuwa na ugomvi wetu na majirani wa Marumbi miaka mingi juu ya uvuvi, hawa wanataka nyavu za kukokota, wale wanataka madema yao yaachwe salama. Umefika mpaka mikononi. Lakini watu wangali hai, wanakutana misikitini na kwenye maziko, wanapeana mikono. Jiulize: ugomvi ule ungekuwa na bastola moja tu ndani yake, leo tungekuwa tumechimba makaburi mangapi?

Sasa sikiliza hili. Siku moja alikuja mtu mkubwa kupima kiwanja pwani. Simtaji jina. Wazee wetu wakaja kusema kwamba pale ni njia ya kushukia baharini, walipita babu zao. Yule bwana hakubishana. Alinyanyua shati kidogo kama anayejipepea joto, wote tukaona kitako cha bastola.

Mzee mmoja aliyekuwa akisema alinyamaza katikati ya neno. Mwingine akakumbuka ana shughuli nyumbani. Kwa dakika tano uwanja ulikuwa mtupu, wapima wakaendelea kuvuta kamba yao.

Bastola haikulia. Haikuhitaji kulia. Kazi yake ilikwisha pale shati liliponyanyuliwa.

Nataka wasomaji wa gazeti hili waelewe hivyo. Bastola ya kigogo si ya kujilindia na majambazi. Majambazi gani Chwaka, ya kuiba madema? Ile ni muhuri. Palipokosekana hati, haki na hoja, hunyanyuliwa shati.

Nani kapigwa, nani kapiga?

Turudi kwenye historia, maana wapo wanaotaka tusahau. Januari 12, 1964 walioingia kambi za polisi Ziwani na Mtoni waliingia wengi wao na mapanga na marungu, wakatoka na bunduki za serikali iliyoangushwa. Tangu siku hiyo nchi hii imefundishwa kwamba mwenye ghala ndiye mwenye dola. Na bunduki haina rafiki. Aprili 7, 1972 Mzee Abeid Amani Karume, aliyekuwa na ulinzi wote wa dola, alipigwa risasi pale Kisiwandui, makao makuu ya chama chake mwenyewe. Kama silaha ingekuwa kinga, yeye angekuwa wa mwisho kufa kwa risasi.

Januari 26 na 27, 2001 wananchi wa Unguja na Pemba waliandamana kudai uchaguzi upya. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu waliouawa na vyombo vya dola si chini ya 35, waliojeruhiwa zaidi ya 600, na wengine kama 2,000 wakavuka bahari mpaka Shimoni, Kenya. Waandamanaji wale walikuwa na bastola? Februari 17, 2013 Padre Evaristus Mushi akapigwa risasi Mtoni asubuhi ya Jumapili, anakwenda kusalisha. Kisha ukaja uchaguzi wa 2015 uliofutwa na ule wa marudio wa Machi 20, 2016, mitaa ya Mjini ikatawaliwa na wale waliofunika nyuso, wananchi wakawaita mazombi.

Bara nako si salama. Machi 23, 2017 Nape Nnauye, amevuliwa uwaziri siku hiyo hiyo, anataka kuzungumza na waandishi Dar es Salaam. Mtu aliyevaa kiraia akachomoa bastola mchana kweupe, kamera zinapiga picha. Huyo alikuwa kada wa CCM, mbunge! Miezi sita haijatimia, Septemba 7, Tundu Lissu akamiminiwa risasi Dodoma.

Ikiwa waziri wa jana anachomolewa bastola mbele ya kamera, mvuvi wa Chwaka ni nani?

Sheria ya nani?

Watasema ipo sheria. Ndiyo, ipo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka mwombaji awe ametimiza miaka 25, awe na akili timamu, awe na cheti kwamba anajua kuitumia silaha. Maneno mazuri kwenye karatasi. Lakini wewe kijana wa baraza ukipeleka maombi, nani atakusikiliza? Fomu ya kitambulisho tu sheha anaikalia miezi kwa sababu anajua unakaa baraza gani. Wenzetu wanapata.

Na kuwahesabu wanaweza, wasitudanganye. Mwaka 2016 kulifanywa uhakiki wa silaha nchi nzima, na Rais John Magufuli mwenyewe akahakiki za kwake. Madaftari yapo. Tunachotaka ni hiki, na tunakitaka hadharani:

Moja, Jeshi la Polisi, ambalo ni jambo la Muungano, litangaze bastola ngapi zimeruhusiwa mikononi mwa raia Unguja na Pemba, wilaya kwa wilaya.

Mbili, iwe marufuku mtu yeyote asiye kazini kwenda na silaha kwenye kikao cha ardhi, kwenye mkutano wa siasa na kwenye kituo cha kura. Akionekana, leseni ifutwe siku hiyo.

Tatu, mtu wa dola anayebeba silaha mitaani avae sare, aonyeshe uso wake. Anayejificha ana la kuficha.

Hayo hayahitaji fedha za wafadhili wala semina. Yanahitaji ubavu, na ubavu ndio serikali yetu inauonyesha kwa wanyonge tu.

Sasa wewe, ndugu yangu

Nakurudia wewe wa Jaws Corner. Hasira yako ni halali. Lakini ukiipata hiyo bastola ya magendo, utakuwa umewafanyia kazi yao. Wanaitafuta kwa udi na uvumba hiyo picha: kijana wa upinzani, bastola kiunoni. Siku watakayokukamata nayo haitakuwa kesi yako peke yako. Watasema chama kizima ni magaidi, baraza litavunjwa, mama yako atapanga foleni gerezani na kikapu cha chakula, na kile kiwanja cha Chwaka hakitaulizwa tena na mtu.

Makunduchi kila Mwaka Kogwa watu wanatandikana kwa mabua ya migomba mpaka hasira ziishe, kisha wanakula pamoja. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Walijua hasira lazima itoke, wakaichagulia silaha isiyoua.

Dau la mnyonge haliendi joshi, lakini linakwenda. Yule mzee aliyenyamaza katikati ya neno, nilimfuata nyumbani usiku ule. Alinieleza kila kitu: mipaka, majina ya waliopita njia ile, mwaka aliochimba kisima babu yake. Nimeandika yote kwenye daftari la shilingi mia tano. Wazee wengine wanne wameweka dole gumba chini yake, na wiki ijayo tunalipeleka mahakama ya ardhi.

Njoo utusaidie kulibeba. Na yule bwana naye aje, tunamkaribisha. Ila shati alichomekee.