Betri Kuukuu Zipimwe Kabla ya Kuuziwa Mfanya Kazi



Hapa Salama, kando ya barabara ya Mombasa, betri za lithiamu zilizotolewa katika pikipiki za umeme na kompyuta zauzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Mfanya kazi hununua, fundi huzifunga kwa waya, wakaziunga na paneli ya sola. Wakubwa husema, "Watu hawa watajichoma kwa ujinga wao." Nawauliza wakubwa hao: ni nani aliyeitupa betri bila kuipima?

Betri ya pikipiki mara nyingi huondolewa kazini ikiwa bado na uwezo kama 80 katika 100. Haimfikishi mtu mbali tena, lakini nyumba haiendi safari. Chukueni betri ya volti 12.8 na ampia-saa 50. Ilipokuwa mpya ilibeba wati-saa 640. Sasa yabeba 512. Taa nne za wati 5 zikiwaka saa tano hula wati-saa 100 tu. Hesabuni wenyewe. Mali hiyo ndiyo inayoitwa takataka!

Hata hivyo hatari ipo, wala sitaificha ili nipigiwe makofi. Seli hizi si za namna moja: nyingine hujaa kwa volti 4.2, nyingine kwa 3.65. Kuzichanganya, au kuzijaza kwa kontrola iliyowekwa kwa betri ya asidi, ni kutafuta moto, na moshi wake ni sumu. Seli iliyovimba isitumiwe kabisa. Nyingine zipimwe moja moja, kiwekwe kibao cha ulinzi kinachokata umeme seli ikizidi kiasi, na fyuzi karibu na betri. Wala betri isikae chumba wanamolala watoto. Kazi hii yataka mita na mtu aliyefundishwa.

Wako wanachama wanaosema chama ni cha mshahara tu. Watazame mwisho wa njia yetu, Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri za risasi kilitia sumu kijiji kizima. Mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na kesi haikuisha mpaka Desemba 2024 katika Mahakama ya Juu Zaidi. Huko pia walianza kwa kusema ni betri kuukuu tu.

Sheria ya taka ya 2022 yamtwika mwenye kuleta bidhaa wajibu wa bidhaa hiyo hata ikiisha kazi. Basi waagizaji wapime betri, waandike uwezo uliobaki, wawafundishe mafundi wa jua kali, na wauze kwa risiti. Risiti si karatasi ya bure: mtu wa reli akikutwa na betri bila risiti huitwa mwizi papo hapo. (Na anayeng'oa betri za ishara za reli ni mwizi kweli, asitegemee chama kumtetea.)

Jambo hili liandikwe katika ajenda ya mkutano ujao wa tawi. Mita nitaileta mimi.