Lori lina pa kulala, kijana alale wapi?

MKAZI wa Tunduma hahitaji kuelezwa foleni ni nini. Malori ya Kongo na Zambia hujipanga tangu mpakani kurudi nyuma hadi Mpemba. Oktoba 2019 hayati Rais Magufuli na hayati Rais Lungu walizindua kituo cha pamoja cha mpakani. Foleni haikufa. Kila inaporudi, wakubwa hutaja dawa ile ile: maegesho.

Sisi hatupingi maegesho. Dereva ni mvuja jasho mwenzetu, na kulala barabarani siku kadhaa si maisha. Tunachouliza ni kimoja tu: yawekwe wapi?

Tunauliza kwa sababu ardhi iliyo jirani na mpaka na stesheni ya TAZARA ndiyo dhahabu ya mji huu. Hapo ndipo kuli, utingo, mbadilisha kwacha, mama ntilie na machinga wanapopata riziki. Lakini wengi wao hawalali hapo. Wanalala pembezoni, kwenye vyumba vya kubanana, mwenye nyumba akidai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Alfajiri kijana anachagua: apige mguu, au ampe bodaboda fedha ambayo bado hajaipata.

Tupige hesabu. Lori na trela lake ni karibu mita 20. Ukiweka na nafasi ya kugeuzia, eneo la malori matatu linatosha nyumba ya kupangisha yenye vyumba sita. Na lori lina magurudumu! Likiegeshwa kilomita 10 nje ya mji na kuitwa zamu yake ikifika, halipungukiwi kitu. Kuli akisukumwa kilomita hizo hizo, amepoteza kibarua.

Watatokea wa kutuambia hiyo ni ndoto. Wakumbuke kwamba TAZARA ilipojengwa miaka ya 1970, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, wafanyakazi wake walijengewa nyumba jirani na stesheni. Nchi ilikuwa maskini kuliko leo. Iliwezekana vipi wakati ule, ishindikane sasa?

Septemba 2025 ulitiwa saini mkataba wa kuifufua reli hiyo na kampuni ya China, kwa dola bilioni 1.4 za Marekani. Treni zikiongezeka, bei ya viwanja vya jirani itapaa. Vigogo wanaonusa ulaji kutoka mbali hawatasubiri tangazo.

Kwa hiyo tunaitaka Halmashauri ya Mji wa Tunduma ifanye mambo mawili. Kwanza, maegesho yatoke nje ya mji, kando ya barabara kuu, yakiwa na vyoo, taa na ulinzi. Pili, ardhi ambayo mtu anaweza kutembea kwa mguu hadi stesheni au mpakani itengwe kwa nyumba za kupanga za bei ya mlalahoi, na Shirika la Nyumba la Taifa lije lijenge.

Nanyi vijana, acheni kulalamika kijiweni. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka wananchi washirikishwe katika kupanga mji wao. Nendeni kwenye mikutano ya mtaa, dai lenu liwe moja: tuonyesheni ramani. Tusipouliza leo, kesho tutaambiwa viwanja vimekwisha.