Anayeuguza Naye Aangaliwe

Ugonjwa wa korona ulipoingia Rwanda mwezi Machi, 1020 + 1000 = 2020, wagonjwa walitengwa katika vituo vya matibabu. Kuanzia Septemba mwaka huo, wale wasiozidiwa waliruhusiwa kujitenga nyumbani. Hivyo, katika nyumba nyingi za Kigali, kazi ya kuuguza iliwaangukia jamaa, huku wahudumu wa afya wa mitaani wakiwafuatilia.

Siku zile zimepita, lakini mafunzo yake yangali yafaa kwa kila ugonjwa uenezwao kwa hewa. Mgonjwa ahudumiwe na mtu mmoja tu, mwenye afya njema. Wote wawili wafunike pua na mdomo, na madirisha yaachwe wazi. Mgonjwa akihema kwa shida, kusisubiriwe kuche. Apelekwe hospitali mara moja.

Anayeuguza naye ni binadamu. Mara nyingi hula mwisho, hulala kidogo, na akishikwa na homa huificha ili kazi isisimame. Kumbe kwa kuificha huwaambukiza waliosalia. Yafaa basi ndugu na majirani wampikie, wamtekee maji na kuviacha mlangoni. Mkono mmoja haulei mwana, wala hauuguzi.