Eti Ungefanya Kazi Bure Formula 1?

Nilikuwa kimya kwa sababu ya UE, wenzangu wa chuo mnaelewa. Sasa zimekwisha, matokeo tunayasubiri, boom limekata, na mtu ukishakuwa huna hela ndipo unapopata muda wa kufikiria mishahara ya watu wengine.

Leo nataka kubishana na watu wa fani yangu. Sisi tunaosoma uhandisi wa mitambo tuna ugonjwa mmoja. Muulize mtu angependa kuajiriwa wapi, atakwambia kwenye timu ya Formula 1, halafu anaongeza bila kuulizwa kwamba hata bure angekwenda. "Wanipe chai na pa kulala tu, kaka." Hiyo kauli nimeshaisikia mno, vyumbani, kantini, hata kwenye foleni ya kutoa fotokopi. Sijawahi kumsikia mtu wa udaktari wala wa sheria akisema hivyo.

Mi nasema hiyo kauli ndiyo inayowapunja wahandisi wa mbio za magari. Simaanishi kwamba wanalala njaa, la hasha. Namaanisha kwamba ukiweka kwenye mizani elimu wanayodaiwa, saa wanazotoa na hela zinazozunguka mle ndani, wanacholipwa walio wengi hakilingani. Na kinachowafanya wakubali ni mapenzi.

Mapenzi yenyewe hayana ushamba wowote, tuyaelewe kwanza. Mhandisi anayejenga bwawa la umeme anaweza kusubiri miaka kumi ndipo aone maji yakizungusha mtambo. Wa ndege naye ni hivyo hivyo. Kwenye Formula 1 unachora kipande cha bawa la mbele, kinajaribiwa kwenye kompyuta na kwenye handaki la upepo, kinatengenezwa, na baada ya wiki chache kiko kwenye gari Monza. Saa inakupa jibu kwa sehemu ya elfu ya sekunde. Umepata au umekosa, hakuna siasa. Kwa mtu aliyesomea hesabu za mtiririko wa hewa hiyo ni raha ambayo huwezi kumweleza mtu wa kozi nyingine. Ndiyo maana vijana wa vyuo huko Uingereza wanakesha wakijenga magari ya mashindano ya Formula Student, yaliyoanza kule mwaka 1998. Hawalipwi senti, na timu kubwa zinapotafuta wahandisi wapya zinawatazama hao hao.

Sasa hebu tazama upande wa pili. Mwaka 2024 kulikuwa na mbio 24. Mwaka 1950, mashindano haya yalipoanza, zilikuwa 7. Mwisho wa msimu huo wa 2024 walipangiwa tatu mfululizo, wiki baada ya wiki: Las Vegas, Qatar, Abu Dhabi. Kutoka Las Vegas hadi Qatar saa zinatofautiana 11, na Las Vegas yenyewe mwaka huo mbio zilianza saa nne usiku. Mtu anashuka kwenye ndege mwili haujui kama ni asubuhi au jioni, na anatakiwa ahesabu mafuta na matairi bila kukosea. Tangu 2011 kuna amri ya kuwatoa watu wa timu uwanjani saa za usiku. Jiulize, ni kazi gani inayohitaji sheria ili watu wakalale? Ni ile ambayo watu wake wasipozuiwa hawatalala, na mabosi wao hawatawaambia walale.

Kwenye somo la menejimenti tulifundishwa kidogo habari za Frederick Herzberg. Wengi tulimdesa tu ili tufaulu. Ila kuna jambo moja juu yake linalotuhusu sisi. Kitabu chake cha 1959 kilitokana na mahojiano na watu 200 hivi wa eneo la Pittsburgh, Marekani, na watu hao walikuwa wahandisi na wahasibu. Alichokiona ni kwamba vinavyomfurahisha mtu kazini na vinavyomkera si vitu vya mstari mmoja. Mafanikio, kutambuliwa, kazi yenyewe, hivyo vinamwinua. Mshahara, usimamizi na mazingira, vikiwa vibovu vinamkera, vikiwa vizuri vinamtuliza tu. Watu wa utumishi wanapenda kumnukuu Herzberg kama ruhusa ya kulipa kidogo: si mnaona, mhandisi hafanyi kazi kwa ajili ya hela! Mi namsoma kinyume. Kama kazi yenyewe inatosha kumwinua mtu, basi kilichobaki kwa mwajiri ni kimoja, asimkere. Na hicho kinalipiwa kwa fedha taslimu.

Mfano wa Adrian Newey unanifundisha zaidi ya Herzberg. Huyu ndiye mchoraji wa magari maarufu kuliko wote, alimaliza Southampton mwaka 1980. Magari aliyoyachora Williams yalichukua ubingwa 1996 na 1997. Lakini kabla hata msimu wa 1997 haujaanza alikuwa ameshaamua kuondoka. Hakukosa mshahara. Alitaka awe na hisa na awe na sauti katika maamuzi makubwa, kama lile la kumwacha Damon Hill, wenye timu hawakutaka. Akaenda McLaren, wakawa mabingwa 1998. Williams hadi leo hawajachukua tena ubingwa. Na alipotangazwa Aston Martin mwaka 2024, safari hii alitangazwa pia kuwa mwanahisa. Ilimchukua karibu miaka thelathini kupata alichokiomba, na huyo ni Newey! Sasa kijana wa miaka 26 anayekokotoa joto la breki ana sauti gani?

Mtu atasema, kwani si wahame? Timu nyingi ziko karibu karibu, Brackley, Milton Keynes, Silverstone, Enstone, Grove, Woking. Unaweza kubadili mwajiri bila kubadili nyumba wala shule ya watoto. Kwa kanuni za soko hilo lingepandisha mishahara vizuri sana. Lakini ukiwa na siri za gari, ukiaga unawekwa kwanza benchi miezi kadhaa, unalipwa ukae nyumbani mpaka ujuzi wako upoe. Waingereza wanaiita likizo ya bustani, yaani nenda kapalilie maua yako. Kwa mkubwa hilo ni mapumziko. Kwa kijana ambaye jina lake linapimwa kwa kazi ya msimu uliopita, ni kusahaulika.

Halafu mwaka 2021 kikaja kikomo cha matumizi. Hapa ndipo naomba mnifuatilie kwa makini, maana watu wengi wanaona ni jambo la wahasibu.

Shirikisho la FIA lilisema kila timu isitumie zaidi ya dola milioni 145 kwa mwaka huo, ikashuka hadi milioni 140 mwaka 2022 na 135 mwaka 2023, pamoja na marekebisho madogo madogo. Kabla ya hapo timu kubwa zilikuwa zikitumia zaidi ya mara mbili ya hizo. Nia ilikuwa njema na sitaikejeli. Honda walijitoa mwisho wa 2008, BMW na Toyota 2009, HRT ikafa 2012, Caterham ikafuata. Timu ikifa hakuna mshahara wa kubishania.

Tatizo ni kilichoachwa nje ya kapu. Mishahara ya madereva, nje. Mishahara ya watu watatu wanaolipwa zaidi katika timu, nje. Matangazo, nje. Kuanzia mtu wa nne kwenda chini, mhandisi, fundi, mchoraji, wote ndani ya kapu moja na mabawa, sakafu za gari na vipuri. Mnaona kilichotokea? Zamani bosi akikunyima nyongeza ulijua ni ubahili wake. Sasa anaweza kukuonyesha karatasi: nikikuongezea wewe, natoa kwenye bawa la mbele, na bawa ndilo ulilokuja kulijenga. Mapenzi yako yamegeuzwa hoja dhidi yako. Ni ujanja mkubwa, hata kama hakuna aliyekaa akaupanga.

Mwaka 2022 ndipo uchungu ulipoonekana. Oktoba ya mwaka ule mfumuko wa bei Uingereza ulifika asilimia 11.1. Kikomo kilikuwa kimeongezwa asilimia 3.1 tu. Kuni za kupasha nyumba joto hazijui kwamba wewe ni mtu wa Formula 1 (najua wanatumia gesi, msinisahihishe). Mwezi huo huo Red Bull waliadhibiwa kwa kuvuka kikomo cha 2021, faini dola milioni 7 na kupunguziwa asilimia 10 ya muda wa majaribio ya hewa. Katika mabishano yale hata gharama za chakula cha wafanyakazi ziliingia. Yaani sahani ya mchana ya fundi inahesabiwa, mamilioni ya dereva hayahesabiwi.

Hela zipo. Mwaka 2024 Formula 1 iliingiza kama dola bilioni 3.4, na timu zikagawiwa karibu bilioni 1.27. Ila kikomo kimefanya faida ibaki, na ikibaki haiendi kwa wahandisi, inaongeza bei ya timu.

Chukua timu ya Brackley, maana hadithi yake inanikaa kichwani. Honda walipojitoa, Ross Brawn aliichukua mwanzoni mwa 2009 kwa pauni moja. Pauni moja! Gari lilikuwa limeshachorwa mwaka mzima wa 2008 kwa jasho la watu zaidi ya mia saba. Machi wakatangaziwa kwamba watu kama 270 watapunguzwa. Mwisho wa mwezi huo huo gari lile likashika nafasi ya kwanza na ya pili Melbourne, na mwaka ulipokwisha wakawa na ubingwa wa dereva na wa timu. Watu wanaisimulia kama hadithi tamu ya mnyonge aliyeshinda. Mi kila nikiisikia nawafikiria wale 270. Kuna mtu alichora kona fulani ya sakafu ya lile gari, akapewa barua, halafu akaliona likishinda kwenye televisheni sebuleni kwake. Kabla mwaka haujaisha Mercedes na wenzao wa Abu Dhabi wakanunua asilimia 75.1. Novemba 2025 sehemu ndogo ya timu hiyo hiyo iliuzwa ikithaminiwa karibu dola bilioni 6. Kutoka pauni moja. Waliojenga thamani hiyo wamelipwa mishahara na bonasi, sawa, lakini hisa ziko kwa wachache.

Nimeshaisikia hoja ya kunipinga: ukiitoa mishahara kwenye kapu, matajiri watanunua wahandisi wote na tutarudi kule kule. Ni hoja nzito kiasi. Lakini mi sijasema mishahara yote itoke. Wawekeeni timu ukomo wa idadi ya watu, kichwa ni rahisi kuhesabu kuliko dola, halafu mishahara ya walio chini ya kiwango fulani itolewe kwenye hesabu. Bosi atabaki bila karatasi ya kukuonyesha. Na hata wakubwa wenyewe wanajua mshahara unapotosha mashindano: kwenye kanuni za 2026, ambapo kikomo kimepanda hadi dola milioni 215, wameweka nafuu kwa timu iliyoko Uswisi, yaani Sauber ambayo sasa ni Audi, kwa kuwa kule mishahara iko juu. Kama Hinwil wanahesabiwa maisha ni ghali, kwa nini kijana anayelipa kodi ya nyumba Oxford asihesabiwe?

Sasa mtaniuliza haya yananihusu nini mimi niliye Bongo, ambako mbio za magari ni Safari Rally kule Naivasha, tena kwa kuangalia kwenye simu. Yananihusu kwa sababu mwezi ujao tunaanza kuomba nafasi za PT, na nimeshaona barua za wenzangu. "Niko tayari kujitolea bila malipo." Wameandika wenyewe, kabla hata kampuni haijasema chochote. Mwenye kampuni akishapata barua kumi za namna hiyo, ya kumi na moja iliyoomba nauli na chakula anaitupa. Na mwandishi wa hiyo ya kumi na moja mara nyingi ndiye ambaye kwao hawawezi kumtumia hela ya kujikimu, hata kama ndiye anayeongoza darasa kwa hesabu. Kwa hiyo barua yangu nimeandika kwamba naomba nauli na posho ya chakula, na nimetaja na kiasi. Mwenye hoja tofauti, uwanja wa maoni uko hapo chini.

Nawasilisha.